Tatizo la Phaeton halikuwa nembo peke yake

Ndugu mwandishi, umesema Phaeton, gari la kifahari la Volkswagen, lilidoda Marekani kwa sababu tajiri hataki nembo ya gari la wananchi. Sikatai, ila umewaachia wauzaji bure kabisa. Gari la zaidi ya dola 60,000, limeundwa Dresden, Ujerumani, kwenye kiwanda cha kuta za vioo, halafu linaegeshwa ubavuni mwa Jetta, gari la kawaida la kampuni hiyohiyo, na kuuzwa na kijana yuleyule anayeuza Jetta! Mwaka 2006 wakalifungia virago sokoni kule.

Hyundai walipoleta gari lao la kifahari, Equus, huko Marekani mwaka 2010 walikuwa wamejifunza. Muuzaji alikuletea gari nyumbani ili ulijaribu, kitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya iPad (wakati huo iPad yenyewe bado kitu cha kushangaa), na siku ya sevisi walikuja kulichukua wenyewe, wakakuachia jingine la kutembelea. Yaani mteja hata mlango wa duka asingeuona. Ujanja huo! Maana angeingia angekutana na foleni ya wanunuzi wa Accent, gari lao la bei nafuu.

Lakini mabingwa ni Toyota. Chapa yao ya kifahari, Lexus, waliipa maduka yake yenyewe tangu 1989, na mwaka huohuo gari lake LS 400 lilipopata hitilafu, magari kama 8,000 yalitengenezwa bila usumbufu, mengine yakifuatwa majumbani, yakarudi yameoshwa na tangi limejaa. Hyundai nao mwishowe wakaifanya Genesis, jina la magari yao ya kifahari, chapa inayojitegemea, 2015.