Kuvuruga sumaku kwa leza si kuitawala

Mwaka 1996 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, waliipiga nikeli nyembamba kwa leza yenye mapigo ya femtosekunde 60 (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde moja, na pikosekunde trilioni moja ni sekunde moja). Usumaku wake ukaporomoka kabla hata pikosekunde moja haijaisha. Tangu hapo kumekuwa na tumaini la kuandika data kwa mwanga, kwa kasi isiyofikiwa na koili za umeme. Sasa macho ya watafiti yameelekezwa kwenye oksidi zenye tabaka, na kwangu hapo ndipo tumaini hilo linapopata mtihani wa kweli.

Wenye matumaini hawaongei hewa. Mwaka 2007 kundi la Nijmegen, Uholanzi, liligeuza mwelekeo wa sumaku katika aloi ya gadolini, chuma na kobalti kwa mapigo ya leza peke yake. Mwaka 2017 jambo kama hilo likafanyika katika oksidi ya chuma na itriamu iliyotiwa kobalti kidogo, tena bila joto jingi, maana oksidi hiyo haipitishi umeme. Kwa kifaa kitakachoandika mabilioni ya mara, joto dogo ni faida kubwa mno.

Lakini itazame oksidi ya strontiamu na iridiamu, Sr₂IrO₄. Fuwele yake imepangwa kama kurasa za kitabu. Ndani ya kila tabaka spini, yaani visumaku vidogo vya elektroni, zimeshikana kwa nguvu, zile za jirani zikielekea pande zinazokaribia kupingana. Kati ya tabaka na tabaka mshikamano ni dhaifu. Vipimo vya eksirei vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba baada ya pigo la leza, mpangilio wa ndani ya tabaka hurejea kwa pikosekunde chache, ilhali ule wa kuunganisha tabaka zote huchukua mamia ya pikosekunde, na pigo likizidi nguvu unachelewa zaidi. Kwa hiyo anayejisifia kasi ya kuvuruga ametupa nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni muda wa kujipanga upya, na huo hauharakishwi kwa kuongeza nguvu ya leza. Isitoshe, mpangilio wenyewe hupotea halijoto ikipita takriban kelvini 240, baridi kuliko friza ya kawaida.

Mimi naegemea njia nyingine: badala ya kuzichemsha elektroni, mwanga wa terahezi, unaotetema matrilioni ya mara kwa sekunde, uchaguliwe ulingane na mtetemo mmoja wa atomu, ili umbo la fuwele ndilo liisukume sumaku. Mwaka 2023 njia hiyo iliibua dalili za usumaku katika oksidi ya itriamu na titani, YTiO₃, hadi zaidi ya kelvini 80, ilhali kikomo chake cha kawaida ni 27. YTiO₃ haina tabaka kama za iridiamu, lakini huku ndiko kuelekeza sumaku, si kuibomoa tu. Hali hiyo ilidumu nanosekunde nyingi (kila moja ni pikosekunde 1,000), muda mrefu ajabu kwa majaribio ya aina hii. Kumbukumbu ya kompyuta, hata hivyo, inadai miaka.