Kikao cha Kwanza na Daktari wa Upasuaji wa Sura: Niliyoyaona Birmingham na Ninayoyataka Dar es Salaam

Kila ninaporudi Dar es Salaam likizo, haipiti wiki kabla ndugu au rafiki hajanivuta pembeni kuniuliza habari za upasuaji wa sura. Huyu anataka pua yake ipunguzwe, yule ana kovu la ajali ya bodaboda shavuni, mwingine kope zimemlegea hadi zinamzuia kuona vizuri. Maswali yao karibu yote ni mawili: ni shilingi ngapi, na maumivu yake yakoje. Kuhusu kile kikao cha kwanza kati ya mgonjwa na daktari, kabla kisu hakijashikwa, hakuna anayeuliza, ingawa kwa maoni yangu hicho ndicho kinachoamua sehemu kubwa ya yale yatakayofuata. Nimeishi Uingereza miaka mingi sasa. Nimekaa katika vikao hivyo kwa ajili ya kovu langu mwenyewe, nimewasindikiza ndugu huku na nyumbani, na tofauti iliyonigusa zaidi haikuwa ya majengo wala mashine, bali ya namna daktari na mgonjwa wanavyozungumza.

Mimi nina keloidi chini ya sikio, lile kovu linaloendelea kukua hata baada ya kidonda kupona na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wenye asili ya Afrika tunalipata kwa wingi kuliko wengine, na wengi wetu tunalijua kupitia matundu ya hereni. Daktari bingwa wa Birmingham alinipa kioo cha mkononi na kijiti cha pamba, akaniambia nimwonyeshe mwenyewe kinachonisumbua, kisha akanyamaza. Alinyamaza kwa makusudi. Baadaye alinieleza kwamba daktari akitangulia kutaja kasoro anazoziona usoni mwa mtu, anaweza kumpandikizia wasiwasi ambao hakuja nao. Nilipokwisha kuonyesha, aliuliza kwa nini nimekuja sasa na si miaka iliyopita, ninatarajia nini maishani kitabadilika kovu likipungua, na kama kuna mtu yeyote aliyenishinikiza. Maswali hayo ni sehemu ya tiba. Kuna watu ambao shida yao haiko usoni bali katika namna wanavyojiona, wanaotazama kioo saa nzima wakihangaikia kitu ambacho mwingine hakioni, na watu wa namna hiyo mara nyingi hawaridhiki hata upasuaji ukienda vizuri. Daktari mwenye uadilifu huwaelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili badala ya kuwaandikia tarehe.

Kisha huja historia ya afya, na hapa ndipo ninapowasihi ndugu zangu wasifiche kitu. Utaulizwa kuhusu kisukari, shinikizo la damu, selimundu, sigara, dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini na dawa za mitishamba, kwa sababu baadhi yake huongeza kutokwa damu wakati wa upasuaji. Sigara huminya mishipa midogo inayolisha ngozi, na ngozi iliyoinuliwa na kurudishwa mahali pake inaweza kufa kwa kukosa damu ya kutosha; ndiyo maana daktari atakutaka uache kuvuta wiki kadhaa kabla na baada. Jambo ambalo watu wetu hulificha zaidi ni mkorogo. Nimeshuhudia ndugu yangu wa karibu akimwambia daktari kwamba anapaka losheni ya kawaida tu, huku rangi ya uso na ya vifundo vya vidole vyake haifanani hata kidogo. Krimu nyingi za kuchubua zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, huchelewesha kupona kwa vidonda na huweza kudhoofisha tezi za mwili zinazotusaidia kustahimili mshtuko kama wa upasuaji. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo kwetu zimepigwa marufuku lakini zinauzwa. Daktari anayejua hayo atapanga kazi yake kwa namna nyingine, au ataiahirisha. Asiyeambiwa atakata akiamini kwamba ngozi iliyo mbele yake ni nzima.

Kwa kovu langu, jibu lilikuwa kwamba nisikatwe kwanza. Nilielezwa kuwa keloidi ikikatwa peke yake, bila tiba nyingine, hurudi mara nyingi, na pengine hurudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo huanza sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, karatasi laini za silikoni au hereni za kubana, na ikilazimu kukata, upasuaji hufuatwa na sindano au mionzi. Niliondoka bila tarehe ya upasuaji na bila kulipa chochote zaidi ya ada ya kumwona daktari. Kwa mtu aliyelelewa akiamini kwamba kwenda hospitali bila kupewa kitu ni safari ya bure, hilo lilinichukua muda kulizoea, lakini leo naliona kuwa ndilo jambo la thamani kubwa zaidi nililopata pale.

Ndugu yangu aliyetaka pua yake ibadilishwe alipewa maelezo marefu zaidi. Daktari alimtazama ndani ya pua kwa taa kuona kama ukuta wa kati umenyooka na kama anapumua sawasawa pande zote mbili, kwa sababu pua ni njia ya hewa kabla ya kuwa pambo. Alimweleza kwamba pua zetu nyingi zina ngozi nene na gegedu laini, yaani ule mfupa teketeke unaoshikilia umbo la pua, hivyo kupunguza tu hakutoshi. Mara nyingi huhitajika gegedu ya ziada kutoka sikioni au ubavuni ili kuipa ncha umbo, na uvimbe wa ngozi nene huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kwisha. Alipigwa picha za mbele, za pembeni na za kimshazari baada ya kusaini ridhaa inayosema picha hizo zitatumika wapi na hazitatumika wapi. Alionyeshwa kwenye kompyuta jinsi pua inavyoweza kuonekana, huku daktari akisisitiza kwamba ile ni picha ya mazungumzo, si ahadi.

Utaratibu huu haukuletwa na wema wa Waingereza. Uliletwa na madhara yaliyowapata wagonjwa, na kwa sehemu na mahakama. Baada ya kashfa ya matiti ya bandia ya kampuni ya Kifaransa ya PIP, yaliyojazwa silikoni isiyo ya kitabibu, serikali iliunda jopo chini ya Sir Bruce Keogh ambalo lilitoa ripoti yake mwaka 2013. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la mama mmoja wa Scotland na mtoto wake aliyeumia wakati wa kuzaliwa, kwamba daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari zote ambazo mtu wa kawaida aliye katika hali yake angeziona kuwa za maana, si zile tu ambazo madaktari wenyewe wanaona zinafaa kutajwa. Kuanzia Juni 2016, Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza linamtaka daktari anayefanya tiba za urembo azungumze mwenyewe na mgonjwa na kupokea ridhaa yake mwenyewe, ampe muda wa kutafakari, na asimvute kwa matangazo ya kuahidi zawadi au bei za kushawishi. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kinashauri angalau wiki mbili kati ya kikao na upasuaji.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba huku kila kitu kimenyooka. Kwa miaka mingi watu wasio madaktari wamekuwa wakidunga vijazio, yaani sindano za kujaza na kunenepesha, midomoni na mashavuni mwa wenzao katika saluni na hata sebuleni, baada ya mafunzo mafupi sana. Ilibidi kusubiri hadi tarehe 1 Oktoba 2021 ndipo sheria ilipopiga marufuku huduma hizo kwa watoto walio chini ya miaka 18 katika England. Zipo pia kliniki ambako anayekupokea kwanza ni mtu wa mauzo mwenye tabasamu na kalenda, na daktari unamwona ukiwa tayari umekwisha kutoa malipo ya awali. Ukikutana na hali hiyo, iwe Birmingham au Masaki, ondoka.

Nyumbani nimeona mambo mawili yanayokinzana. La kwanza ni ujuzi, ambao tunao. Huduma za upasuaji rekebishi, yaani wa kurudisha umbo la sehemu za mwili zilizoharibika, hata zile za urembo, sasa zinatolewa katika hospitali ya umma ya Mloganzila. Madaktari wetu wanaijua ngozi nyeusi kwa kuihudumia kila siku. Wanashughulika na makovu ya moto, watoto wenye mdomo sungura, nyuso zilizovunjika barabarani, na saratani za ngozi za ndugu zetu wenye ualbino, ambao kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwahudumia na kuwatengenezea losheni ya kukinga jua. Afrika Mashariki ina historia ndefu katika fani hii. Madaktari watatu walioanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege kuwafuata wagonjwa mwaka 1957, ambayo leo ni shirika la afya tunaloliita Amref, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji rekebishi, na McIndoe alikuwa amejipatia sifa kwa kutibu nyuso za marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

La pili ni ukimya. Nilimsindikiza binamu yangu katika hospitali moja ya binafsi jijini, ambayo sitaitaja, na kikao chote kilikwisha kabla chai niliyonunua nje haijapoa. Daktari alimtazama, akasema, "Hii ni kazi ndogo, dada," akamwelekeza kwa mhasibu. Binamu yangu hakuuliza chochote kwa sababu tumefundishwa kwamba kumhoji daktari ni kumvunjia heshima. Nilipouliza mimi nani atatoa nusukaputi, nilitazamwa kama mtu aliyekosa adabu. Heshima tuliyo nayo kwa waganga wetu naipenda na sitaki ipotee, lakini daktari anayeheshimiwa hapungukiwi kitu akiulizwa, na nimewajua wengi nyumbani ambao hufurahi wanapoulizwa ila hawajazoea kupata maswali.

Kuna jambo moja ambalo ningependa Waingereza wajifunze kwetu. Kwetu mtu haendi peke yake. Mama, shangazi au dada yuko pale. Anasikia yale ambayo mgonjwa kwa hofu hayasikii, naye ndiye atakayemwosha na kumpikia uji akiwa na bandeji usoni. Huku nimeona watu wakirudi nyumbani kwa teksi, peke yao, macho yamevimba. Ila undugu huo una upande wake wa pili, maana mume au shangazi anaweza kuwa ndiye anayeitaka hiyo pua mpya kuliko mwenye pua. Daktari wa Birmingham alimwomba msindikizaji atoke kwa dakika chache ili amsikilize mgonjwa faragha, kisha akamkaribisha tena. Hilo linawezekana Muhimbili, Mombasa na Bujumbura bila gharama yoyote.

Kwa ndugu zangu wa ughaibuni wanaopanga kufanyiwa upasuaji nyumbani wakati wa likizo kwa kuwa ni nafuu, nina ombi mahususi. Kabla hujalipa, tafuta jina la daktari katika rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au baraza la nchi yako, uone kama ni bingwa wa fani hiyo hasa. Muulize amefanya kazi kama yako mara ngapi, akuonyeshe picha za wagonjwa wenye ngozi kama yako walioridhia, nani atakuwa nawe usiku ule ikitokea damu isiyokatika, na gharama ya marekebisho italipwa na nani. Muulize pia lini ni salama kupanda ndege, kwa kuwa safari ndefu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na nani atakayelitazama kovu lako miezi sita baadaye ukiwa Leeds au Muscat. Fanya kikao hicho mapema, kwa simu ya video ikibidi, ingawa simu haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wa daktari juu ya ngozi. Ukifika nyumbani, onana naye ana kwa ana siku za mwanzo wa likizo, kisha acha zipite wiki mbili.

Na kwa mabaraza yetu ya madaktari, ninaomba wiki hizo mbili ziandikwe katika kanuni za upasuaji wa urembo, pamoja na sharti kwamba anayepokea ridhaa awe ndiye atakayeshika kisu.