Naapa, Ni Kioo!

Siku ile nilimdhania mzee wa watu vibaya. Afadhali, maana na yeye alinidhania mimi.

Tulikuwa karakanani tunajenga tanuri la kuchomea vyungu. Fundi alishughulikia blanketi la nyuzi za seramiki, lile linalohimili nyuzi joto 1260, liwe upande wa moto. Mimi msaidizi nilipewa kukata mapande ya kioo cha povu ya kulalia sakafu chini kabisa, kwa kuwa hicho kinabeba uzito vizuri lakini moto wake mwisho ni 430 hivi. Kilikuwa kigeni kwetu sote wawili. Pande jeusi, limejaa vijishimo, jepesi hata ukilitupa kwenye pipa la maji linaelea, na linakatwa kwa msumeno wa mbao! Nikajiona bingwa.

Nikavuta msumeno mara mbili tu. Lahaula! Mayai viza, tena trei nzima.

Nikamtupia fundi jicho la pembeni. Amechutama, barakoa usoni, katulia kama mtu aliyekwisha kutua mzigo. Mtu wa umri wa baba yangu, nitamwambia nini? Nikatafuta wa kumsingizia. Nikainamia ndoo ya gundi ya silikati ya sodiamu, nikanusa: haina harufu hata chembe. Nikarudi kukata, harufu ikarudi. Nikiacha, inapungua. Nikajiambia, kumbe mzee anangoja kelele za msumeno ndipo aachie. Mjanja huyu!

Mara akashusha barakoa, akaipandisha upesi. (Bure. Barakoa ya vumbi inazuia nyuzi, gesi inapita.)

"Mwanangu," akasema kwa upole uliozidi, "kama tumbo linakusumbua, choo kiko nyuma. Usione haya."

"Mimi mzima, mzee."

"Hata mimi mzima."

Kimya. Tukaendelea na kazi, kila mmoja akimsamehe mwenzake.

"Hodi!" Mama mwenye tanuri huyo, kaja kukagua. Akaingia hatua mbili, akarudi tatu, kanga puani. Fundi, bila kusema neno, akaninyooshea kidevu.

Hapo uchungu ulinipanda. Nikachukua vipande viwili, nikavisugua mbele ya pua yake. "Mama, ni kioo! Naapa, ni kioo!"

"Kioo," akasema, kwa sauti ya mama aliyeambiwa sahani imevunjwa na paka. Akaondoka, akaahidi kurudi kesho tukipona.

Jioni tukasoma karatasi iliyokuja na mzigo. Unga wa kioo huchanganywa na kaboni kidogo, ukiingia tanurini gesi zinauumua, kisha zinafungiwa ndani ya vijishimo. Nyingi ni hewa ya ukaa, ila imo haidrojeni salfaidi kidogo, gesi ile ile ya mayai viza, ambayo pua huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Kila nilipovuta msumeno nilikuwa nafungua maelfu ya vichupa vya ushuzi.

Fundi alicheka hadi akakaa chini, akaniomba radhi. Na mimi nikamwomba.

Tanuri lilikwisha zamani. Mapande yaliyobaki tumeyaegemeza ukutani, hayana kazi. Ila kuna siku, hasa baada ya chakula cha mchana, fundi huinuka ghafla, akachukua msumeno na kuanza kuyakata kwa bidii, wala hasemi anakatia nini.