Ukilitaka Giza Buguruni

Jamani, katika mji huu umeme unakatika chapati ya kwanza ikiwa kwenye chuma. Unakatika mpira ukiwa kwenye kumi na nane. Unakatika fundi cherehani akiwa amebakiza mguu mmoja wa suruali yako. Lakini wewe siku ulitake giza kwa shida zako, lile giza la kupapasa, utashangaa. Mpaka taa ya barabarani iliyokufa tangu uchaguzi ule inafufuka, tena inamulika dirishani kwako.

Aliyenitia kwenye kutafuta giza ni mjomba wangu wa Tanga. Mjomba haamini picha za simu. Anasema simu ikikwapuliwa pale Mnazi Mmoja, harusi nzima imeondoka na mwizi. Kwa hiyo binti yake alipoolewa huku Dar, mzee akaja na kamera yake ya mkanda, ile nzito ya kuvuta kwa kidole gumba. Betri yake kazi yake kupima mwanga tu, kwingine kote ni chuma na meno. Akatia mkanda wa picha 36. Picha ya 36 ikapita, keki bado haijakatwa. Mwingine angeishia hapo. Mjomba akasema mkanda siku zote huwa na nyongeza, akavuta. Ikagoma. Akavuta kiume. Ndani kukasikika "tak!"

Akanikabidhi kamera. "Mjomba, wewe mtu wa mjini, nirudishie mkanda uende ukasafishwe." Akapanda basi, akalala mpaka Segera.

Sasa, kurudisha mkanda kwenye kamera hizi si elimu ya chuo. Chini kuna kitufe, unakibonyeza. Juu kushoto kuna kimkono kidogo, unakikunjua na kukizungusha kufuata mshale. Vidole vinasikia uzito, mkanda unajikunja kurudi kwenye kasha lake, mwishoni uzito unaachia ghafla, ndipo unafungua mgongo wa kamera. Kikiwa kigumu, usishindane nacho. Mara nyingi kitufe cha chini hakijazama sawasawa, na zipo kamera ambazo lazima uendelee kukikandamiza muda wote. Cha kwangu hakikuwa kigumu. Kilikuwa laini mno! Kinazunguka, kinazunguka, uzito hakuna. Unazungusha hewa.

Wepesi ule una tafsiri mbili. Ama mkanda haukushika tangu mwanzo, mzee akapiga harusi nzima bila picha hata moja, na kile kihesabio cha juu kinaendelea kuhesabu tu, hakina habari. Ama mkanda umechomoka kwenye kijiti cha ndani ya kasha. Nikampigia mjomba: ulipokuwa unavuta, kile kimkono cha kushoto kilikuwa kinazunguka chenyewe? Akaapa kwamba kilizunguka, tena shemeji yake alikitazama sana. Basi mkanda ulikuwa unatembea. Jumlisha na ile "tak", hesabu imekwisha: mkanda wote, kama mita moja na nusu na ushee, umejikunja upande wa kulia, uchi kabisa, na kilichousitiri na jua la Dar ni kile kifuniko cha mgongo tu. Kikifunguka kwenye mwanga, bibi harusi kaungua, bwana harusi kaungua, na mimi Tanga siendi tena.

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Kila anayeishika kamera ana neno moja: "Fungua tuone." Hakuna anayesema tufikiri. Na waliobuni hizi kamera nao, Mungu awaone, kile kile kidude cha kurudishia mkanda ndicho ukikivuta juu mgongo unafunguka! Mtoto wa chumba cha tatu alishakishika, nikaruka ndoo mbili za maji kumwahi. Kijana wa duka la simu akaniambia niizime halafu niiwashe. Nizime nini, kijana wangu? Dereva wa bajaji akashauri tone la oili. Jirani aliyeangalia sinema nyingi akaleta balbu nyekundu, eti ndiyo ya kusafishia picha. Nikamwambia balbu hiyo ni ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi unaona rangi zote, na nyekundu imo. Akanuna, akaenda zake na balbu yake.

Kinachouma ni kwamba kasha la mkanda lilibuniwa ili watu tusihangaike na giza. Kodak walilitoa mwaka 1934, pamoja na kamera yao ya Retina, mtu atie mkanda mchana kweupe na kuutoa mchana kweupe. Zaidi ya miaka 90 imepita, nami niko Buguruni natafuta kiza kama popo.

Chumba changu kina mlango, kina pazia, ila dari hakina. Kuta zimekomea njiani, juu ni bati moja kwa wapangaji wote, kwa hiyo taa ya mmoja ni taa ya ukoo. Nikapita mlango kwa mlango kuomba dakika kumi za giza. Usiku wenyewe Simba na Yanga wanacheza! Aliyenijibu kwa heshima kuliko wote aliniuliza kama nimekula.

Aliyeniokoa ni bodaboda wa pale kona. Hawa vijana, joto la Dar hili wanavaa koti la baridi ya Makete, nami siku zote nilikuwa nawacheka. Nikaliazima. Ukitia kamera ndani, ukalifunga zipu, ukakunja shingo na pindo mara kadhaa, ukaingiza mikono kupitia mikono ya koti kwa kinyume, umepata chumba cha giza. Juu yake nikatupia blanketi, mimi mwenyewe chini ya kitanda. Harufu ya lile koti tusiizungumze. Jasho linatiririka mpaka viwikoni, na mkanda hautaki jasho, unashikwa kingoni tu, unakunjwa taratibu kwa kupapasa, huku nje wanapiga kelele za goli na sijui la nani.

Kwenye kasha haurudi tena huo, umeshachomoka. Unautia kwenye kikopo cheusi cha mkanda, si kile cheupe kinachopitisha mwanga. Vikopo hivyo mjini vimekwisha, ila mama mwenye nyumba alikuwa nacho kimoja, anawekea karafuu tangu enzi hizo. Alikitoa kwa masharti. Nikakiosha, nikakikausha, bado kinanukia pilau. Nikakizungushia selotepu nyeusi, nikaandika USIFUNGUE pande zote, nikakipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja ambaye bado anasafisha mikanda. Akasema nirudi wiki ijayo.

Wiki ijayo! Mama mwenye nyumba kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu na kisahani cha karafuu mkononi. Kodi nina miezi miwili sijamlipa, wala haiulizi.