Msinipeleke Kuonja, Nipelekeni Shambani

Shemeji yangu wa Molo hajaacha kunicheka. Anasema nilipanda ndege kwenda kutafuta baridi, ilhali kwao ipo ya bure: toka nje saa kumi na mbili asubuhi tu, umande utakulowesha hadi magotini. Mimi pia nimezaliwa Molo, nikalelewa kwenye pareto na viazi, kwa hivyo siwezi kumbishia sana. Ila kuna jambo hajalielewa, na wenzangu wengi hawajalielewa. Sisi watu wa nyanda za juu tukipanga safari ya kwenda kwenye mashamba ya mvinyo ya nchi za baridi, tunaipanga kama watu wasiowahi kushika jembe. Tunarudi na picha.

Nasema hivyo kwa sababu nilirudi na picha.

Chama chetu cha wanawake sita hapa Nakuru kiliweka akiba miaka miwili. Wazo la kwanza lilikuwa Ufaransa. Tukaangalia ada ya viza: yuro 90 kwa kichwa, na ukinyimwa harudishiwi mtu kitu. Mweka hazina akafunga daftari. Afrika Kusini haituombi viza tangu Januari 2023, mradi usizidishe siku 90 kwa mwaka. Wanachotaka ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Basi ikawa Cape.

Tukaenda Agosti. Kwa nini Agosti? Shule zilikuwa zimefungwa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Hatukumuuliza mtu Agosti mzabibu unafanya nini. Jibu ni kwamba umelala. Cape huwa ni kipupwe, mvua inakuja ya ubavu, majani yote yamepukutika, na ukiangalia shamba unaona vijiti vyeusi vimefungwa kwenye waya mstari baada ya mstari. Juu ya hilo, wakala tuliyemlipa atupangie ziara alitupangia mashamba matano kwa siku moja. Matano! Kwenye la kwanza nilizungusha glasi, nikanusa, nikauliza maswali ya maana. Kufika la tatu ulimi ulikuwa umekufa ganzi. La tano nakumbuka jibini na choo.

La nne ndilo lililoniokoa. Wenzangu waliingia ndani kuota moto, mimi nikabaki nje kupunga upepo. Kwenye mstari wa tatu wa mizabibu palikuwa na mzee mwenye koti la mvua la manjano, anapogoa. Nikamsogelea. Tuliongea Kiingereza cha kuombea maji, yeye na mimi, lakini mkasi ulikuwa unasema wenyewe. Anashika tawi la mwaka jana, anahesabu macho, yale yanayochipua, kutoka chini, moja, mawili, anakata. Linalobaki ni kisiki kifupi kama kidole gumba. Nikamwuliza kwa nini mawili tu. Akanionyesha vidole vyake kumi vyote, akakunja uso kama mtu aliyeuma limau bichi. Nikaelewa: ukiacha macho mengi, matunda yatakuwa mengi na hayataiva. Kwa baridi ya pale mti hauna nguvu ya kuivisha kila kitu, lazima uupunguzie mzigo. Akanipa mkasi nikate mmoja. Nilikata vibaya, akacheka, akarudia.

Dakika kumi zile nilijifunza kuliko kwenye glasi zote za siku hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba sisi tuna faida. Mtu wa Molo anajua pareto isipopata usiku wa baridi haitoi maua ya maana. Mtu wa Kericho anajua chai ya juu mlimani hukua polepole na ladha yake hukolea. Zabibu ni hadithi ileile. Kwenye joto, sukari inapanda mbio na uchachu unapotea, kwa sababu mmea unapopumua usiku wenye joto unaila ile asidi inayoleta uchachu. Usiku ukiwa wa baridi, asidi inabaki, tunda linachukua wiki zaidi kuiva, na mvinyo unatoka mwepesi wenye kukutoa mate pembeni mwa ulimi. Asidi yenyewe, kwa taarifa yako, wanakemia waliipa jina kutokana na neno la Kilatini la tufaha.

Na tufaha ndilo lililonifanya nichague tunakorudi: Elgin. Ni bonde lililoinuka kati ya milima, kama kilomita 70 kutoka Cape Town. Unapanda Sir Lowry's Pass, barabara inayonikumbusha Mai Mahiu ila bila malori yaliyokufa breki, halafu ghafla hewa inabadilika. Upepo wa baharini unaleta mawingu yanayotua juu ya milima na kulifunika bonde. Elgin ni nchi ya matufaha kwanza. Ile Appletiser ya supamaketi, juisi ya tufaha yenye gesi, ilianzia huko mwaka 1966. Mizabibu ya mvinyo wa maana ilikuja baadaye sana, miaka ya 1980, familia ya Paul Cluver ikiwa miongoni mwa walioanza. Leo watu huenda kwa ajili ya Sauvignon Blanc, Chardonnay na Pinot Noir, zabibu zinazopenda ubaridi.

Ukiendelea mbele upande wa Hermanus, mji wa pwani, kuna bonde la Hemel-en-Aarde, jina la Kiafrikana lenye maana ya mbingu na dunia. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi ya mizabibu huko mwaka 1975 watu wakiona ni mbali na ni baridi mno. Hapo tulipita Agosti pia, na nikiri kitu kimoja: nyangumi huja kuzaa kwenye ghuba ya Hermanus kuanzia Juni hadi Novemba, na tuliwaona kutoka ufukweni. Kwa hivyo Agosti haikuwa hasara tupu. Ukipenda nyangumi kuliko zabibu, nenda Agosti.

Sisi tunarudi Machi. Machi Elgin wanavuna zabibu na matufaha kwa wakati mmoja, matrekta yana matope, watu wana haraka, na hapo ndipo unaweza kuokota zabibu moja mtini na kuilinganisha na kilichomo kwenye glasi. Tafuna mpaka mbegu. Mbegu ikiwa kijani bado, tunda halijaiva, hata liwe tamu vipi. Mashamba ni mawili kwa siku, si zaidi, na simu inapigwa mapema, kwa sababu wakati wa mavuno si kila mtu ana muda wa wageni. Tunalala Grabouw, mji wa hukohuko Elgin, si Cape Town. Na tunamlipa dereva. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hivyo kishawishi cha kukodi gari ni kikubwa, lakini kiwango chao cha pombe kwa dereva ni kidogo, gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na sitaki kujua alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, ya ugenini inaonekanaje.

Kabla ya hapo nimewapa wanachama kazi ya nyumbani. Wanunue chupa ya Leleshwa, mvinyo wa Naivasha, kaunti yetu hii hii, uliopewa jina la kile kichaka chenye harufu ya kafuri kilichojaa kando ya barabara za Bonde la Ufa. Kwetu karibu na ikweta mzabibu haupati kipupwe cha kuulaza. Mkulima lazima aulaze mwenyewe kwa mkasi na kwa kuubania maji. Usiku wa Naivasha unasaidia, maana baridi ya kule juu si mchezo. Naomba tuonje Sauvignon Blanc yake sasa, tuandike tulichoonja kwenye karatasi, karatasi iende nasi Elgin. Wawili wamecheka. Mmoja ameshanunua.

Suala la mizigo tumeshalifunga. Mara ya kwanza mwenzetu alipakia chupa sita katikati ya nguo. Moja ilivunjika, gauni jeupe likawa la zambarau, na zilizozidi akazilipia ushuru uwanja wa ndege, kwa sababu ruhusa ni lita 2 tu za mvinyo kwa mtu mzima. Safari hii ni chupa mbili kila mtu, zimeviringishwa kwenye sweta.

Kilichotupigisha kelele kwenye mkutano wa mwisho ni watoto. Machi shule zimefunguliwa, na wenye watoto wa kutwa hawakutaka kusikia habari za mavuno. Mimi nimepata ufumbuzi wangu: dada na shemeji watashuka kutoka Molo wakae Nakuru wiki nzima. Shemeji amekubali haraka mno, kwa sharti la chupa moja.

Ameomba iwe tamu.