Kipindi cha michezo: dakika 40 zinajenga nini?

Wapo wazazi wengi huku Mbeya wasioona sababu ya kipindi cha michezo sekondari. Mtoto anapanda vilima kwenda shule, jioni anashika jembe. Mazoezi gani tena? Hoja ina mashiko, hasa kwa wa vijijini Rungwe, au hata Makete kule Njombe. Shirika la Afya Duniani linataka kijana achangamshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku, na mwenye safari ndefu ya mguu huenda anazipata bila mwalimu. Wa mjini ni habari nyingine: bajaji asubuhi, dawati mchana kutwa, tuisheni jioni.

Lakini jembe halimfundishi mtu kuruka na kutua bila kuumia goti, wala kugeuka akiwa kwenye kasi. Hayo hufunzwa, na ujana ndio wakati wake. Mwinuko nao tusiutegemee: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, ila hewa nyepesi bila mazoezi haitoi mkimbiaji.

Sasa tukitazame kipindi chenyewe. Dakika 40, mara moja kwa wiki, kama mwalimu wa hisabati hajakiomba. Toa za kubadili nguo, za kushuka kiwanjani na za kuitana majina. Kinachobaki ni mpira mmoja na wavulana 22. Ukiporomokea kwenye mahindi, wote wanasubiri. Wasichana wako pembeni, madaftari mapajani. Moyo na mapafu huimarika vikishughulishwa mara kadhaa kwa wiki, na mapumziko marefu hurudisha nyuma. Kwa afya, naona mchakamchaka wa kila asubuhi unakiacha mbali kipindi cha namna hii, japo ufundi haufundishi.

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, inasifiwa, na imeibua vipaji kweli. Ila inachukua wanaoweza tayari. Msichana mzito wa miguu hana timu inayomtaka. Kipindi ndiyo nafasi yake pekee.

Halafu kuna sahani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu wa karibu asilimia 57 kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa magunia. Kijana aliyekua hivyo, akaja shule na chai ya rangi tumboni, filimbi ya mwalimu haitamfanya mwanariadha.

Ningepewa ratiba, ningekivunja kipindi hicho na kukiongezea muda, kiwe dakika 20 mara tatu kwa wiki, mipira minne, wasichana na wavulana wapokezane kiwanja, na uji utangulie.