Kinanda Darasani: Sikio Kwanza au Karatasi Kwanza?

Mkalishe mtoto wa miaka minane mbele ya kinanda, mwonyeshe C ilipo, kisha mwambie apige do re mi fa so la ti do kwa vitufe vyeupe tu. Ataweza mara moja. Sasa mwambie aanzie D. Atapiga D, atapiga E, atapiga F, halafu atasita. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Sikio lake ndilo limekataa. Kidole kitahangaika kidogo, kitagusa kitufe cheusi kilicho kulia kwa F, na uso utakunjuka. Mbele kidogo mambo yataharibika tena kwenye C, ila safari hii hatachelewa kukitafuta kitufe cheusi chake. Tayari ameshakutana na skeli (ngazi ya sauti) ya D meja na shapu zake mbili, yaani vile vitufe vyeusi viwili, na amejua zina kazi gani kabla hajajua zinaandikwaje.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za wanaotaka kinanda kiwe mlango wa somo la muziki shuleni. Kwenye filimbi nadharia imejificha ndani ya pumzi na vidole. Kinandani imelala wazi: sauti nzito kushoto, nyembamba kulia, vyeusi viwili, vitatu, viwili, vitatu, hadi mwisho. Pia kinanda hakimnyanyasi anayeanza. Anayejifunza fidla hukwaruza kwa miezi kabla ya kutoa sauti ya kusikilizika, na jirani zake wanajua. Kitufe kikibonyezwa, sauti hutoka safi siku ya kwanza.

Lakini wapo wanaosema, na wana haki, kwamba mara nyingi kinanda kikiingia darasani hakiji peke yake. Kinafuatana na ubao uliochorwa mistari mitano ya kuandikia noti na mtihani wa kila mwezi. Watoto wanakariri kwamba semibrevi moja, noti ndefu, ni sawa na krocheti nne, noti fupi, wanapata alama zote, na ukiwaambia wapige makofi ya kile walichokiandika, darasa linanyamaza. Wamejifunza hesabu za muziki bila muziki.

Wasiwasi huo si mpya, na mistari yenyewe ilizaliwa kutokana na shida ya waimbaji. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alichoka kuona wanakwaya wakitumia miaka kukariri nyimbo kwa kumfuata mwalimu. Akachukua utenzi wa Kilatini ambao karibu kila mstari wake ulianza sauti moja juu ya ule uliotangulia, akatoa humo silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Kwa hizo na kwa mistari, mwanakwaya aliweza kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Miaka mia tisa baadaye, mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria alisimamia jambo lilelile: mtoto aimbe kwanza, ala na maandishi vifuate.

Nakubaliana na Kodály, ila si mpaka mwisho. "Sikio kwanza" ikigeuka kuwa "sikio tu", tunarudi pale Guido alipoanzia. Kwaya inayokariri kila kitu ni mateka wa mwalimu wake. Akisafiri wiki mbili, hakuna wimbo mpya. Kusoma noti ni uhuru wa aina yake, na kumnyima mtoto uhuru huo kwa jina la kumlinda na nadharia kavu ni kumwonea.

Ipo hoja nyingine ambayo watetezi wa kinanda hupenda kuiruka. Kinanda kimegawa oktava, yaani nafasi kutoka do hadi do inayofuata, vipande 12 vilivyo sawa, na mtoto akikizoea anaanza kuamini kwamba sauti za dunia ni hizo tu. Amadinda, marimba ya Buganda, hugawa oktava kwa hatua tano zinazokaribia kulingana. Kila hatua ni pana kuliko toni nzima ya kinanda (vipande viwili kati ya hivyo 12) na bado haifiki toni moja na nusu. Ukiiigiza kwa vitufe vyeusi utapata kitu kinachofanana nayo kwa mbali, kama picha iliyopigwa gizani. Muziki wa Kiarabu nao una sauti zinazoishi katikati ya kitufe na kitufe, na katika kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932, nafasi ya piano katika muziki huo ilizua ubishi mkubwa.

Upande wa pili, mtunzi Akin Euba wa Nigeria alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitungia piano kwa fikra za ngoma na marimba. Kwake piano ilikuwa ala ya kupigwa kama ala nyingine za kupigwa, na ingeweza kufundishwa adabu mpya. Kwa hiyo sikilaumu kinanda. Nalilaumu somo lisilomwambia mtoto kwamba kuna sauti ambazo kinanda hakina. Dawa yake ni ya dakika mbili: mwambie aimbe kwa kuteleza polepole kutoka E hadi F, ambapo hakuna kitufe katikati, kisha mwulize amepita sauti ngapi njiani.

Historia, kwa maoni yangu, ndiyo inayoharibiwa zaidi. Hufundishwa kama orodha ya wazungu wenye nywele za bandia, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Wakati kinanda chenyewe kina historia ya kumtoa mtoto macho. Kinanda cha kwanza kinachojulikana hakikutoka Ujerumani wala Vienna. Kilitengenezwa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ktesibios, kikisukumiwa hewa kwa uzito wa maji. Na kwa nini piano inaitwa piano? Harpsikodi iliyoitangulia hukwanyua nyuzi, hivyo ubonyeze kwa upole au kwa hasira, sauti ni karibu ileile. Mnamo mwaka 1700 hivi, huko Florence, Bartolomeo Cristofori alitengeneza ala yenye nyundo ndogo zinazogonga uzi na kurudi nyuma papo hapo ili uzi uendelee kulia. Sasa kidole kikaweza kunong'ona na kupaza sauti, na ala ikaitwa kwa sifa hiyo: piano e forte, sauti ndogo na kubwa. Moja aliyoitengeneza mwaka 1720 ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mtoto aliyewahi kugonga kitufe kwa nguvu halafu kwa upole hahitaji kuikariri habari hii.

Hoja inayotangazwa zaidi ndiyo niipendayo kidogo kuliko zote: kwamba muziki huongeza akili. Chanzo chake kikubwa ni utafiti wa mwaka 1993, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu walisikiliza Mozart kwa dakika 10 wakafanya vizuri kidogo katika jaribio la maumbo, kwa muda mfupi tu. Hawakuwa watoto, wala hawakujifunza kupiga chochote. Kufikia 1998, gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, alikuwa akiomba fedha ili kila kichanga kipewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Mwaka 2004 mtafiti Glenn Schellenberg alifanya kazi ya maana zaidi, akiwa na watoto 144 wa miaka sita. Waliofundishwa kinanda au kuimba walipanda kwa takriban pointi 7 za IQ, kipimo cha akili. Waliofundishwa maigizo na wasiofundishwa chochote walipanda zaidi ya 4. Tofauti haifiki pointi 3, na walioendelea vizuri katika kuishi na wenzao ni wale wa maigizo. Mwaka 2020 watafiti Sala na Gobet wakajumlisha tafiti nyingi za namna hiyo na kukuta kwamba kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu, ndivyo faida ilivyokaribia sifuri. Anayelitetea somo la muziki kwa kudai linaongeza akili ajiandae: siku takwimu zikimkana, atakuwa hana neno.

Inabaki shida ya vifaa, ambayo haina falsafa. Kinanda kimoja, watoto arobaini. Baadhi ya walimu hugawa karatasi zilizochorwa vitufe, kila mtoto na yake. Nawaelewa, lakini karatasi hailii. Yule mtoto wetu wa D atagusa F iliyochorwa na kuendelea mbele bila wasiwasi, maana hakuna kilichomkatalia. Afadhali kinanda kilekile kimoja: mmoja anapiga, thelathini na tisa wanaimba naye do re mi kuanzia D, na kidole chake kikitua kwenye F, darasa zima linamgeukia.